Mtoto wa mbwa anamaliza viti vya marehemu baba, nisaidieni kabla sijamrudisha

Mama Neema wa Goba (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni ushauri, hasa kwa waliofuga mbwa kwa mikono yao.

Nina mtoto wa mbwa jike, watoto wamempa jina Tausi. Mama yake ni chotara wa German Shepherd, baba hajulikani. Nilimnunua wiki tatu zilizopita kwa mtu aliyeniambia ana miezi minne, chanjo zote tayari, na meno ameshabadilisha kwa hiyo hatasumbua. Nilimtaka kwa ulinzi kwa sababu uzio wetu haujaisha upande mmoja, ila wanangu wawili, wa miaka 9 na 6, wamemng'ang'ania na sasa analala sebuleni.

Tatizo ni kutafuna. Alianza na ndala, sikujali. Akaja kwenye pindo la zulia, kisha kona ya meza ya televisheni, na sasa kahamia kwenye viti. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli, alifanya kazi Tabora miaka mingi, na viti vile vya mninga alichongesha hukohuko akavileta Dar kwa treni. Ndicho kitu chake pekee tunachokitumia kila siku. Kiti alichokuwa anakalia mwenyewe kimegugunwa mguu wa mbele, vanishi yote imetoka na mbao imeliwa upana wa vidole vitatu. Nilipokiona nilikaa chini nikalia.

Nimempiga kwa gazeti. Nimepaka pilipili. Nimemfunga nje, analia usiku kucha mpaka jirani ananipigia simu. Dada anayenisaidia kazi ameanza kumwogopa maana anarukia pindo la khanga na kung'ata miguu. Juzi walipokuwa wanacheza alimkwaruza mwanangu mdogo kiganjani kwa jino, ikatoka damu kidogo, nikapaka spiriti.

Baba watoto anasema arudishwe Jumamosi. Kuna namna ya kumkomesha?

Kipanga wa Kibaha

Pole mama. Mimi nitasema wazi: mbwa wa ulinzi hakai sebuleni. Mfunge mchana bandani, mfungulie usiku, na akiguguna kitu mpeleke pale pale, mwonyeshe, mchape fimbo mbili. Mbwa akijua kosa lake utamwona anainamisha kichwa na kuficha mkia. Hapo ujue somo limeingia. Nimefuga hivyo tangu nikiwa kijana.

Tabibu wa Mifugo

Dada, nafanya kazi ya kutibu wanyama, kwa sasa niko Morogoro. Viti nitavifikia, ila nianze na kiganja cha mtoto.

Jino la mbwa limetoa damu, na hatujui kwa hakika kama mbwa huyo amechanjwa. Hata mkwaruzo mdogo unahesabika. Ule mkono ulitakiwa kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Uosheni hata sasa, halafu kesho asubuhi mpelekeni kituo cha afya mkaeleze kilichotokea, daktari ndiye aamue kama anahitaji sindano za kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa na kichaa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa ule karibu kila mara unaua, kwa hiyo hatusubiri tuone.

Na hili lina uhusiano na Jumamosi yenu: msimrudishe. Mbwa aliyeng'ata anatakiwa kuwa mahali mnapomwona kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hilo ni jambo kubwa kwa daktari wa mtoto. Akirudishwa akauzwa kwingine, mmepoteza ushahidi.

La pili, naomba umfunue mdomo kesho mchana, mwangani, uniambie unaona nini. Angalia meno madogo ya mbele juu na chini. Je, ni membamba kama ncha za sindano, au kuna makubwa meupe yaliyo bapa? Na kuna pengo lolote? Uniwekee pia hapa kilichoandikwa kwenye kadi ya chanjo.

Njoki wa Rongai

Mama Neema pole sana. Mimi niko upande wa Kenya, nimelea papi wawili katika nyumba ya kupanga ambayo meza na kabati ni za mwenye nyumba, kwa hiyo najua hofu yako.

Kipanga, kwa heshima, juu ya hiyo sura ya kuinamisha kichwa. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio la mbwa 14. Mwenye mbwa anamkataza chakula fulani kisha anatoka chumbani. Mbwa wengine walikula, wengine hawakula, na mara nyingine mwenye mbwa alidanganywa kuhusu kilichotokea. Ile sura ya kukiri kosa ilitokana na kufokewa. Hata mbwa ambaye hakugusa chakula aliionyesha akifokewa. Kwa hiyo unapomburuta mpaka kwenye mguu wa kiti uliotafunwa saa moja iliyopita, anachokijua ni kwamba umekasirika. Kiti hakimo kabisa katika mawazo yake.

Mama Neema wa Goba

Asanteni, na Tabibu Mungu akubariki. Tulienda leo saa mbili asubuhi. Mtoto ameoshwa tena na ameanza sindano. Nimejisikia vibaya kwamba nilishughulika na kiti kwanza.

Meno: yote ya mbele ni membamba, yanachoma kweli kama sindano. Juu ni sita, chini ni sita, sioni pengo. Mawili ya chini katikati yanacheza nikiyagusa. Chonge nne, nyembamba zimepinda. Kadi ina mihuri miwili lakini hakuna ile stika ya chupa ya dawa, na tarehe zimeandikwa kwa kalamu moja siku moja.

Tabibu wa Mifugo

Ahsante kwa kwenda mapema. Umefanya vyema.

Sasa ngoja nikueleze mdomo wa Tausi. Mtoto wa mbwa anakuwa na meno ya utoto 28: 12 ya mbele, chonge 4, na 12 ya pembeni. Mbwa mzima ana 42. Yale ya mbele ndiyo huanguka kwanza, kuanzia kama miezi mitatu hadi minne. Chonge hufuata kwenye miezi mitano au sita, na magego ya nyuma kabisa humalizikia miezi sita au saba. Tausi hajapoteza hata moja, mawili ndiyo kwanza yanacheza. Kwa makadirio yangu ana miezi mitatu na kidogo. Aliyekuuzia amemwongezea umri, na kama umri si wa kweli sioni sababu ya kuamini mihuri. Mchukulie kama hajachanjwa. Chanjo za pavo (ule ugonjwa wa kuhara damu) na distempa zirudiwe, kila wiki tatu au nne mpaka apite wiki 16. Ya kichaa hutolewa kuanzia miezi mitatu, lakini kwa sababu ameng'ata, tumalize kwanza zile siku 10 za kumwangalia, kisha apate.

Distempa ndiyo iliyoua karibu theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Kwa mtoto wa mbwa, hata akipona, virusi vile vikimkuta kabla meno ya ukubwani hayajatoka vinaharibu enameli, yaani gamba gumu la nje ya jino, na meno yanakuja yana mashimo na rangi ya kahawia maisha yake yote. Vilevile mtu akikupa tetrasaiklini ya dukani umtibu nayo "tumbo", kataa. Inatia meno yanayokua rangi ya njano.

Maana ya haya yote kwa viti vyako ni kwamba una miezi mitatu hadi minne ya kutafuna mbele yako. Fizi zinawasha na kuuma, na kugandamiza kitu kwa taya ndiyo nafuu anayoijua. Huwezi kumkomesha. Unaweza kumhamisha. Ukiondoa kiti usimpe kingine, atahamia mlangoni.

Bint Kizingo, Mombasa

Hilo la mlango nalithibitisha. Sisi mbwa hakai ndani kwa ajili ya twahara, analala ua wa nyuma na ana kibanda chake. Alipokuwa mdogo alikula mlango wa uani chini, akakata mpira wa maji mara mbili, akang'oa mwasumini wa mama wote. Kwa hivyo kumweka nje hakuondoi tatizo, ndugu Kipanga. Kunakuondolea kuliona.

Lakini nauliza jambo. Kwetu mtoto akiachishwa ziwa mama hupaka shubiri. Je, mguu wa kiti ukipakwa shubiri haitoshi? Ni chungu kuliko pilipili.

Tabibu wa Mifugo

Swali zuri, na watu wengi wanafanya. Ule utomvu wa manjano wa mshubiri mbwa akiulamba wa kutosha unamharisha vibaya. Sipendekezi. Pilipili nayo iacheni: inaingia machoni anapojifuta kwa mguu, na watoto wanashika kiti kisha wanajishika usoni. Maduka ya dawa za mifugo mijini wakati mwingine yana dawa chungu ya kupulizia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Inasaidia baadhi ya mbwa, wengine wanailamba kama mchuzi. Hata ikifanya kazi inalinda kile kiti tu.

Babu wa Usa River

Mjukuu, nimesoma yote. Nimefuga mbwa kwa miaka mingi hapa mlimani, ngoja niseme kuhusu vya kutafuna, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoua mbwa kwa upendo.

Gunzi la mahindi. Tulikuwa na mbwa anaitwa Popi, watoto walikula mahindi ya kuchoma wakamtupia gunzi, wakafurahi anavyolishika kwa miguu miwili. Alimeza kipande. Siku ya tatu anatapika, hali, hanyi, tumbo gumu. Alipofikishwa kwa daktari alipasuliwa na gunzi likatolewa kwenye utumbo, na alikuwa wa kuzika. Alipona kwa huruma ya Mungu. Gunzi halisagiki tumboni wala halionekani vizuri kwenye picha ya eksirei. Kokwa la embe ni hivyohivyo, na msimu wa maembe linazagaa kila uwanja.

Mfupa wa kuku uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha. Muhogo mbichi usimpe, ule mchungu una sumu na kwa macho hutautofautisha. Kipande cha tairi kina nyaya ndani. Kwato kavu na pembe ni ngumu mno kwa jino lake. Kipimo changu ni hiki: kitu ambacho ukikibonyeza kwa ukucha hakiachi alama hata kidogo, jino changa litavunjika juu yake.

Mama Neema wa Goba

Shikamoo Babu. Asante sana. Nimeogopa maana jana tu walimpa gunzi, nimewahi kulitoa.

Sasa nimpe nini? Na Njoki, ulifanyaje kwenye nyumba ya kupanga?

Njoki wa Rongai

Karoti nzima kutoka friza. Si kipande, nzima, nene, na unakaa naye akiitafuna. Ubaridi unafanya fizi zife ganzi. Ikibaki ncha ndogo ya kumezeka unaichukua. Umeme ukikatika, chukua taulo dogo la zamani, lifunge fundo, liloweshe maji ya baridi, hata ya mtungini yanatosha, likamue, mpe. Nyuzi zikianza kuachia unalitupa.

Kitu cha pili kilichoniokoa ni suruali ya jinzi. Nilikata miguu ya suruali kwa urefu, vipande vitatu, nikasuka kama nywele, fundo huku na huku. Ilikaa wiki tano. Kama unapata mpira wa kutafuna wenye uwazi ndani, nunua mmoja mzuri kuliko vitano vya rahisi vinavyopasuka. Ndani unaweka ugali uliochanganywa na dagaa waliosagwa, unaugandisha. Siagi ya karanga pia inafaa, ila soma kopo: ukiona neno xylitol, usimpe kabisa, ni sumu kali kwa mbwa.

Msimpe ndala kuukuu. Kwake ndala kuukuu na viatu vya shule vya Neema ni kitu kimoja.

Na nilimtengenezea kizimba cha paleti nne kwenye kona ya sebule, ndani kuna godoro lake, maji na vya kutafuna. Nikiwa naye macho kwa macho yuko nje ya kizimba, nikiwa napika yuko ndani. Angalieni mhuri kwenye paleti kabla ya kuzitumia. HT maana yake mbao ilitiwa joto. MB ilipigwa dawa ya methili bromidi, hiyo usimwekee mnyama anayetafuna mbao.

Kipanga wa Kibaha

Nimesoma. Mimi nina mbwa wa miaka miwili ambaye bado anakula ubao wa banda. Meno ameshamaliza zamani. Huyo naye?

Tabibu wa Mifugo

Anafungwa saa ngapi kwa siku?

Kipanga wa Kibaha

Kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku.

Tabibu wa Mifugo

Saa 15. Mbwa huyo hana kazi nyingine isipokuwa ule ubao. Mtoe mara mbili kwa siku, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kwa kamba, anuse njia kadiri anavyotaka. Mpe na kitu chake cha kutafuna bandani. Wiki tatu kisha urudi hapa.

Mama Neema wa Goba (wiki moja baadaye)

Nimerudi na taarifa. Baba watoto amekubali tusubiri zile siku 10, na leo ni ya nane, Tausi ni mzima. Mtoto anaendelea na sindano zake.

Nilifanya jambo moja ambalo sikuambiwa na mtu. Nilichukua daftari la zamani la Neema, kila Tausi akitafuna kisichotakiwa nikaandika saa, kitu, na nani alikuwepo. Siku saba, mara 23. Kati ya hizo, 15 zilikuwa kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Ni ule muda watoto wanarudi, wanakimbia ndani, dada anapika, mimi niko njiani kutoka kazini. Usiku ambao nilifikiri ndio anaharibu, ilikuwa mara mbili tu. Mchana watu wakiwa hawapo, nne. Mbili zilizobaki zilikuwa asubuhi.

Ninyi mnaoelewa, mnaionaje hiyo jioni?

Tabibu wa Mifugo

Dada, hilo daftari lina thamani kuliko ushauri wangu wote. Watu hunijia na kusema "anatafuna siku nzima" na siwezi kuwasaidia.

Mtoto wa mbwa wa umri ule anahitaji kulala kama saa 18 kati ya 24. Watoto wa shule wanapoingia, Tausi anaamshwa, anakimbizwa, anapigiwa kelele, na akichoka hajui kwamba amechoka. Anafanya kama mtoto wa binadamu aliyepitiliza usingizi: anakuwa mkorofi zaidi. Anarukia khanga, anamaliza kwenye kiti. Kwa hiyo saa kumi na nusu atolewe nje dakika 15 kujisaidia na kucheza, si zaidi. Apewe chakula. Kisha kizimbani na karoti ya baridi, na pazia au khanga juu ya upande mmoja pawe na kigiza. Atalala. Watoto waambiwe akiwa kizimbani haguswi na mtu.

Na akiwang'ata wakicheza, wasimame kama mti, mikono kifuani, wasipige kelele. Mchezo umekwisha, dakika moja. Ukipiga kelele na kukimbia, kwake umegeuka mchezo mtamu kuliko wote. Dada wa kazi naye afunge khanga fupi au avae suruali kipindi hiki, na yeye ndiye apewe dagaa wa kumbadilishia, maana ndiye anayekaa naye zaidi. Nyumba yenye sheria tatu tofauti mbwa haielewi hata moja.

Bint Kizingo, Mombasa

Kubadilishana vipi hasa? Eleza kwa sisi tusiojua.

Njoki wa Rongai

Amekamata mguu wa kiti. Usimkimbilie, usimvute. Nenda taratibu, mwonyeshe dagaa puani, akiachia mwambie neno lenu moja, mfano "acha", mpe dagaa, kisha papo hapo mwekee jinzi au karoti. Anapoanza kuitafuna hiyo, msifu. Baada ya siku kadhaa neno linatangulia na dagaa anafuata. Ukimkimbiza atajifunza kumeza haraka au kukimbia na kitu chini ya kitanda. Dagaa waoshwe, wale wa ziwani wana mchanga.

Babu wa Usa River

Nyaya za umeme pia, mjukuu. Za televisheni na friji. Pitisha nyuma ya kabati au ndani ya bomba la plastiki. Kiti kinatengenezeka, mbwa aliyepigwa na umeme anaweza kufa.

Zuhura wa Tanga

Naombeni niongeze jambo kwa uchungu. Wetu alikuwa na miezi mitatu na nusu, akaanza kuharisha. Kila mtu akasema ni meno, ataacha. Siku ya pili akatapika, ya tatu kinyesi kikawa na damu na harufu kali. Tulipompeleka ilikuwa pavo na hakufika usiku. Alikuwa hajamaliza chanjo.

Tabibu wa Mifugo

Pole sana Zuhura. Asante kwa kulisema.

Tunao ugonjwa wa zamani wa kulaumu meno. Mnakumbuka "meno ya plastiki", watoto wachanga wakiharisha wanang'olewa meno machanga ndani ya fizi na mafundi wa mitaani, huku ugonjwa halisi ukiendelea kuwamaliza. Kwa mbwa tunarudia kosa lilelile. Meno yanayoota huleta udenda, doa la damu kwenye kitambaa, fizi nyekundu, na pengine kukataa chakula kikavu siku moja mbili, hapo unakilowesha. Meno hayaleti kutapika, homa wala kuhara damu. Ukiona hayo ni daktari siku hiyohiyo. Na maumivu ya fizi msimpe panado wala diklofenaki ya binadamu, zinaweza kumuua.

Seremala wa Keko

Nimevutwa na hicho kiti. Mama, usikubali fundi akate mguu aunge mwingine. Mninga wa Tabora wa zamani hivyo hupati mbao ya kufanana. Kama kimeliwa vidole vitatu upana na kina hakijapita nusu sentimita, safisha kwa msasa mpaka uone mbao safi. Tafuta vumbi la mninga wenyewe, njoo Keko karakana yoyote inayopasua mninga watakupa kwenye mfuko. Changanya na gundi ya mbao liwe kama ugali mgumu, jaza, lizidi kidogo, kaushia siku mbili, piga msasa namba 120 kisha 240. Rangi itakuwa nzito kidogo kuliko pembeni, vanishi ikishuka vinakaribiana.

Ila usifanye sasa. Mbwa wako atakula gundi yangu. Subiri amalize meno. Kwa sasa funga mguu kwa kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili kilichopasuliwa upande mmoja, kinavaa kama soksi, hakichubui.

Mama Neema wa Goba (mwezi wa pili tangu uzi uanze)

Samahani kwa kimya. Siku 10 zilipita salama, Tausi akapata chanjo ya kichaa, na nyingine amemaliza juzi. Mtoto amemaliza sindano.

Bomba la Seremala limevaa miguu yote minne ya kiti cha baba, na moja lina alama za meno nyingi mno, kwa hiyo ninajua limefanya kazi. Jioni ilikuwa ngumu wiki mbili za kwanza, Tausi alilia kizimbani dakika 10, dakika 12. Dada ndiye aliyenishinda uvumilivu. Aligundua kwamba akimpa karoti kabla ya kumwingiza, anaingia mwenyewe. Sasa saa kumi na moja anasimama mlangoni mwa kizimba anasubiri. Daftari la wiki iliyopita: mara nne. Zote ni pindo la zulia, nimelikunja nikaliweka juu ya kabati.

Neema ameokota jino moja chini ya meza, dogo kama punje ya mchele. Amelitia kwenye kiboksi cha kiberiti. Nilitafuta mengine, Tabibu aliniambia kwa ujumbe kwamba mengi humezwa na si tatizo.

Kipanga wa Kibaha

Na mimi nilete yangu. Nimekuwa nikitoka na mbwa asubuhi na jioni, wiki ya nne hii. Ubao hajaugusa tangu wiki ya pili. Usiku yuko macho zaidi kuliko zamani, nadhani kwa sababu mchana sasa analala kweli. Mama Neema, ushauri wangu wa fimbo naomba uuache.

Mama Neema wa Goba (miezi mitatu na nusu tangu uzi uanze)

Tabibu, tumefika penye jambo jipya. Tausi ana miezi kama sita na nusu. Magego yametoka. Ila upande wa juu kulia naona chonge mbili, nene ya ukubwani na ile nyembamba ya utotoni imesimama ubavuni mwake. Haichezi hata kidogo. Ameanza tena kutafuna, safari hii kwa upande huohuo mmoja.

Tabibu wa Mifugo

Hiyo ya utotoni imegoma kutoka. Meno mawili hayatakiwi kukaa shimo moja: chakula kinanasa katikati, fizi inaoza, na chonge mpya inasukumwa pasipo pake. Usijaribu kuing'oa nyumbani kwa koleo wala uzi, mzizi wake ni mrefu na ukivunjika unabaki ndani. Itolewe na daktari wa mifugo akiwa amepigwa nusukaputi. Kama mlipanga kumfunga kizazi, ongea naye mfanye siku moja, alale mara moja tu.

Mama Neema wa Goba

Tumefanya Alhamisi, yote mawili. Leo ni siku ya tano, anakula ugali laini na mchuzi, mshono ni mkavu. Chonge niliyoletewa ina mzizi mrefu kuliko sehemu iliyokuwa inaonekana. Imeingia kwenye kiboksi cha Neema.

Fundi amekuja na vumbi la mninga kutoka Keko, amejaza mguu wa kiti jana. Seremala, ni kama ulivyosema, pana rangi nzito kidogo. Baba watoto ndiye aliyeshika tochi. Vanishi inapakwa keshokutwa, na kwa sababu ya harufu yake Tausi atalala baraza ya nyuma siku mbili. Watoto wameshahamishia godoro lake huko, na suruali ya jinzi ya tatu imeshasukwa.